Bushi limebaki mfukoni

Kikundi: UKOO WA KIHONDA

Idrisa: Shikamooni wakubwa zangu. Bamdogo Shaban upo hewani? Leo nimebadilisha tairi la nyuma la pikipiki kwa fundi wa barabarani. Nimefika nyumbani nafungua mfuko aliowekea tyubu ya zamani, nakuta na hiki kidude.

Idrisa: (picha)

Shangazi Zuhura: Marahaba baba. Hiyo si pete ya pazia?

Mwanaidi: 😂😂 Shangazi jamani

Mjomba Kassim: Hiyo ziada tu mpwa wangu. Mafundi wote hubakiza kitu. Hata redio yangu ilirudi imepungua skrubu mbili na mpaka leo inaimba. Kaza nati, ingia kazini.

Idrisa: Ndiyo nilitaka kutoka hivyo mjomba, ila njiani nyuma kulikuwa kunalia kwaru, kwaru. Na ukiisukuma imezimwa ni nzito.

Bamdogo Shaban: Idrisa, usitoke nayo. Hilo ni bushi la ekseli, kipande cha bomba kinachovaa kile chuma kirefu kinachopita katikati ya gurudumu, na pikipiki haina bushi la ziada. Nipo gereji na mteja, nipe dakika chache. Kwa sasa ipandishe kwenye stendi kubwa, weka gia huru, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono uniambie.

Idrisa: Haifiki hata mzunguko mmoja, inasimama.

Bamdogo Shaban: Umekanyaga breki?

Idrisa: Sijagusa kitu.

Bamdogo Shaban: Nipigie picha upande wa kulia, upande wa breki. Chuchumaa, usipige ukiwa umesimama. Nataka kuona kati ya ile sahani ya breki, kile kifuniko cha duara, na swingamu, ile mikono ya chuma iliyoshika gurudumu la nyuma.

Idrisa: (picha)

Bamdogo Shaban: Umeona? Sahani imelala juu ya swingamu, hapapiti hata karatasi. Pale ndipo bushi lako linapokaa. Ekseli inapita kwenye swingamu, halafu bushi, halafu sahani, beringi, haba ambayo ni kitovu cha gurudumu, mpaka kwenye sproketi, lile duara la meno la cheni, na upande wa pili. Ukikaza nati, vyuma hivyo vyote vinabanana kwenye mstari mmoja, na gurudumu linazunguka huru katikati kwa sababu ya beringi. Ukitoa kimoja, nati haina cha kubana, inauvuta mkono wa swingamu uingie ndani. Ndiyo hiyo kwaru kwaru yako.

Mjomba Kassim: Shemeji, kwani ikikazwa zaidi haiwezi kukaa?

Bamdogo Shaban: Itakaa shemeji, upande. Gurudumu linahamia kulia, cheni inaanza kula meno ya sproketi ubavuni. Na kile chuma kilichopinda kitakuwa kinataka kurudi, nati italegea yenyewe akiwa na abiria.

Bamdogo Shaban: Idrisa, subiri. Nimeikuza ile picha. Hapo chini ya sahani kuna waya?

Idrisa: Ndiyo, kuna kawaya kamefunga ile fimbo nyembamba ya chuma. Nilidhani ni ya kiwandani.

Bamdogo Shaban: ASIIPANDE MTU HIYO PIKIPIKI.

Shangazi Zuhura: Yesalaam. Kuna nini tena?

Bamdogo Shaban: Dada, bushi ni dogo mbele ya hilo. Ile fimbo kazi yake ni kuizuia sahani ya breki isizunguke. Ukikanyaga breki, breki shuu zinatanuka na kuukamata mviringo wa ndani ya haba. Haba inazunguka kwa nguvu ya pikipiki nzima na watu waliopanda, inataka kwenda na sahani. Kinachokataa ni ile fimbo, bolti moja kwenye sahani na nyingine kwenye swingamu. Sasa huyu kaifunga kwa waya. Breki ndogondogo za mtaani waya utavumilia. Siku mtoto akikatiza mbele yake akakanyaga kwa nguvu, waya unakatika, sahani inageuka, inakipinda kile chuma kirefu kinachotoka kwenye pedeli, na gurudumu linajifunga papo hapo. Au breki inapotea kabisa. Ataanguka kwa namna moja au nyingine.

Mwanaidi: Idrisa na wewe umetoka mjini mpaka Kihonda na hiyo?? Mama akijua

Mama Idrisa: Nimeshajua. Nimo humu.

Idrisa: Samahani mama. Bamdogo, nimrudie fundi au niifungue mwenyewe? Spana ninazo.

Bamdogo Shaban: Huyo usimrudie kwa kuiendesha. Bolti ya ile fimbo ipo?

Idrisa: Haipo. Kwenye mfuko kuna bushi tu.

Bamdogo Shaban: Mtume mtu duka la vipuri akachukue bolti ya fimbo ya breki, nati yake na kotapini, ile pini ya miguu miwili inayozuia nati isitoke. Aende na jina la pikipiki, asiende kuchagua bolti yoyote inayoingia. Ukishapata, Kassim awepo hapo, kazi hii inataka mikono minne.

Mjomba Kassim: Nipo, nakuja. Naacha redio.

*(Saa moja na robo baadaye)*

Idrisa: Bolti imepatikana. Nimelegeza nati ya ekseli. Nianzie wapi?

Bamdogo Shaban: Fungua kwanza ile nati ya kurekebishia breki, chuma cha pedeli kiwe huru. Kisha vuta ekseli taratibu huku mjomba ameshika gurudumu. Lisogeze kulia litoke kwenye sproketi. Sproketi na cheni viache hapohapo, havina kosa. Ukiona raba nene ndani ya haba, hesabu kama zote zipo na zimekaa kwenye vyumba vyake.

Idrisa: Zipo zote, ila moja imesimama wima.

Bamdogo Shaban: Hiyo nayo. Irudishe ilale sawa na wenzake. Hizo ndizo zinazopokea mshtuko ukivuta mafuta, moja ikikaa vibaya sproketi haiingii mpaka mwisho. Zikiwa ngumu kuingia paka maji ya sabuni, usipake oili, oili inazitafuna.

Bamdogo Shaban: Na mikono yako yenye grisi isiguse breki shuu. Ukishagusa utajua kwenye mteremko.

Idrisa: Sawa. Kabla sijarudisha, angalia na tairi. (picha)

Bamdogo Shaban: Mshale wa ubavuni unaelekea mbele? Vizuri. Sasa tazama kile kimstari chembamba kilichochorwa kwenye tairi karibu na rimu. Kinapaswa kuachana na rimu sawasawa duara zima.

Idrisa: Sehemu moja karibu na valvu kimezama, hakionekani.

Bamdogo Shaban: Hapo tairi halijakaa, ndiyo maana lingekuwa linaruka kama punda. Toa upepo wote, isukume valvu ndani kidogo isije ikawa tyubu imebanwa chini ya tairi, ivute tena isimame wima. Paka maji ya sabuni ukingoni, jaza. Utasikia pah!

Mjomba Kassim: Imelia kweli! Nimeruka mimi.

Mwanaidi: 😂😂😂

Idrisa: Mstari umetokea pande zote. Upepo niweke ngapi?

Bamdogo Shaban: Soma kibandiko kwenye kifuniko cha cheni.

Idrisa: Nyuma 28, na abiria 32.

Bamdogo Shaban: Wewe ni bodaboda, weka 32. Sasa rudisha. Sahani ya breki iingie kwanza kwenye haba. Gurudumu lisukume kushoto liingie kwenye sproketi, likigoma litikise, usipige nyundo. Pitisha ekseli, na kabla haijafika swingamu ya kulia weka lile bushi. Ekseli ifute, ipake grisi nyembamba. Nati ikaze kwa vidole tu.

Idrisa: Imeingia. Sasa kati ya sahani na swingamu kuna nafasi, kidole kinapita.

Bamdogo Shaban: Haya, fimbo. Bolti, nati, kotapini, kunja miguu ya kotapini kila mmoja upande wake. Nitumie picha.

Idrisa: (picha)

Bamdogo Shaban: Safi. Angalia vile vipimo kwenye swingamu, kile chuma cha kurekebisha cheni kiwe mstari uleule kulia na kushoto. Kushoto kikiwa kwenye mstari wa tatu na kulia ni wa tatu. Cheni ibonyeze katikati juu na chini, icheze kama sentimita 2 mpaka 3. Ikikaza kama waya wa simu itakula beringi.

Idrisa: Mistari iko sawa. Cheni inacheza 2 na nusu hivi.

Bamdogo Shaban: Shemeji Kassim, rudisha chuma cha pedeli kwenye mkono wa breki, kisha kanyaga pedeli kwa nguvu na usiachie. Idrisa kaza nati ya ekseli hivyohivyo breki ikiwa imekanyagwa. Breki shuu zinajipanga zenyewe katikati, sahani inafungwa zikiwa hapo. Mafundi wengi wa haraka wanaliruka hili, halafu wanashangaa breki inagusa upande mmoja.

Mjomba Kassim: Nimekanyaga. Mguu unatetemeka.

Idrisa: Imekaza. Mjomba achia.

Bamdogo Shaban: Rekebisha pedeli ishuke sentimita 2 au 3 ndipo breki ianze kushika. Zungusha gurudumu.

Idrisa: Bamdogo!! Linazunguka mpaka nimechoka kuliangalia. Kwaru hakuna.

Bamdogo Shaban: Kanyaga, lisimame. Achia, liende tena. Taa ya breki inawaka? Basi nenda mpaka mwisho wa mtaa pole pole, peke yako, jaribu breki mara kadhaa, rudi. Kesho jioni ukitoka kazini igusie tena spana nati ya ekseli na ile ya fimbo.

Shangazi Zuhura: Na mimi nilikuwa na safari ya Mkundi jioni hii.

Idrisa: Nitakupeleka shangazi, niende kwanza hiyo ya majaribio.

Mama Idrisa: Utampeleka kesho, baada ya hiyo nati kukazwa tena. Zuhura panda daladala.

Shangazi Zuhura: Sawa wifi.

Mjomba Kassim: Shemeji Shaban, na zile skrubu mbili za redio?