Alama za nyongeza za kuingia vyuo vikuu: nani anastahili?

Mwalimu wa Lodwar: Nafundisha kemia shule ya kutwa hapa Turkana, Kenya. Maabara yetu ni chumba chenye meza mbili. Bureti, ile mirija ya kupimia kemikali, wanafunzi huishika kwa zamu, wengine hawafikiwi. Mwanafunzi wangu mmoja, binti, amepata B katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Anataka udaktari, na B haimfikishi. Mwenye A wa shule ya kitaifa, zile zenye vifaa vyote, amefanya majaribio tangu kidato cha kwanza. Je, binti huyu akiongezewa alama ni dhuluma?

Mzazi, Nakuru: Pole mwalimu, lakini mtihani ni mmoja. Wangu alikesha akapata A-, akakosa kozi hiyo hiyo. Yeye nimwambie nini? Serikali ijenge maabara.

Dada wa Jinja: Mwalimu, Uganda tumelipitia hili. Tangu 1990 wasichana huongezewa alama 1.5 kuingia vyuo vikuu vya umma. Mimi ni mmoja wao, na sioni haya hata kidogo. Ila nyongeza haiulizi ulisoma wapi: binti wa shule ya kifahari Kampala anapata 1.5 sawa na wa Karamoja, kule kwenye umaskini. Hapo ndipo haki inapovuja.

Mwalimu wa Lodwar: Asante dada. Mzazi, maabara ikijengwa kesho, huyu ameshamaliza shule. Tena akiingia kwa nyongeza, mitihani ya chuo atafanya ileile na wenzake. Hakuna atakayempa shahada ya bure. Dada, nyongeza ikifuata shule aliyosomea mtoto badala ya jinsia, Uganda mngeikubali?