Eti diski yangu niliinunua KWA KILO! Yule fundi wa ghorofani leo kanidhalilisha mbele za watu

Bi Kamera ameandika:

Wakuu heshima zenu. Anayetaka salamu ndefu anisamehe, leo sina. Nipo kituoni Gerezani, mabasi yananipita, vidole vinatetemeka mpaka nakosea herufi.

Yule fundi wa kompyuta wa Kariakoo, wa ghorofani. Mnamjua. Yule mwenye feni moja inayompulizia yeye peke yake, wateja mnakaangika kwenye benchi kama mihogo. Leo kachukua diski yangu ya nje, kaipima kiganjani kama muuza dagaa, kawageukia watu wa kwenye benchi, kisha kaniuliza: "Dada, hii uliinunua kwa kilo?"

KWA KILO!

Benchi zima likaangua kicheko. Kuna kaka alikuja kubandikiwa protekta ya simu tu, hana diski, hana laptopu, kacheka mpaka kashika ukuta.

Mimi kazi yangu ni kupiga video za harusi. Diski ni ya terabaiti 2. Ndani kuna send-off mbili na harusi ya Jumamosi iliyopita Mbagala, na bibi harusi ananipigia mara arobaini kwa siku. Tangu wiki iliyopita nikiichomeka, taa inawaka, faili zinaanza kuhama vizuri, zikifika asilimia 63 laptopu inatoa ile sauti yake ya kuachana na kifaa, diski haipo. Nachomoa, nachomeka. Imerudi. Asilimia 12, kimya. Halafu inaanza tik, tik, tik kama saa ya ukutani, na kipanya nacho kinazima taa yake nyekundu papo hapo.

Nikampelekea. Hakuuliza inazima wakati gani. Hakuuliza natumia waya upi. Kompyuta yake ilikuwa imewaka mbele ya pua yake na hakuichomeka humo hata sekunde moja. Aliipima kiganjani! Kisha akasema matundu ya USB yameungua kwenye bodi, nilete laki moja na nusu, na diski "nikaizike". Laki na nusu, mtu hajagusa hata skrubu!

Diski hii niliinunua mpya, kwenye boksi lake, risiti ninayo. Haijapanda mzani wowote tangu izaliwe. Uzi tayari, mwageni povu na nyinyi.

Mwanambagala:

HUYO! Pole sana dada. Mimi nilimpelekea laptopu inapata moto. Kanirudishia haipati moto tena, maana haiwaki. Nikamuuliza, akanijibu "si ulitaka ipoe?" Fundi maiko kabisa yule.

Nyundo ya Jirani:

Nimesoma mpaka mwisho natafuta kosa la fundi silioni. Diski inalia tik tik, ulitaka aiimbie kaswida? Ungekuwa na nakala ya pili ya hizo harusi usingekuwa unalia kituoni.

Bi Kamera:

Nyundo, nakala ya pili inahusiana nini na KILO? Mtu anatakiwa kupima kifaa, sio kunipima mimi. Na aliirusha juu kidogo wakuu, sikuwaambia hilo. Aliirusha ikarudi kiganjani, harusi ya watu ikiwa ndani!

Kiti cha Mbele:

Nakaa hapa nasoma komenti. Kahawa tafadhali.

Waya Mwekundu:

Dada, punguza munkari kwanza unijibu mawili. Unaichomeka moja kwa moja kwenye laptopu au kwenye kigawanyio, kile cha kuongeza matundu ya USB? Na inazima zaidi ukiwa kwenye chaji au kwenye betri?

Bi Kamera:

Kwenye kigawanyio cha matundu manne, kile kisicho na umeme wake. KANIUZIA YEYE MWENYEWE mwezi uliopita, elfu kumi na tano, akaniapia kinabeba chochote. Nimechomeka kipanya, modemu, kisoma kadi cha kamera na hiyo diski. Na ndiyo mkuu, kwenye betri ndiyo haikai kabisa.

Waya Mwekundu:

Basi huenda bodi yako haijaungua na diski nayo ni nzima. Ina njaa tu. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida linatoa volti 5 na miliampia 500. La USB 3.0, mara nyingi lile lenye ulimi wa buluu, miliampia 900. Diski ndogo ya kuzunguka kama yako, mota inapoanza kukimbia, inaweza kudai karibu ampia 1 nzima. Wewe umeipanga foleni moja na modemu, kisoma kadi na kipanya. Hicho kigawanyio hakizalishi umeme, kinagawa hicho hicho kidogo cha tundu moja. Mota ikikosa nguvu inaacha, inajaribu tena, inaacha. Ndiyo hiyo tik tik unayoisikia.

Weka laptopu kwenye chaji. Diski ichomeke ubavuni mwa laptopu peke yake, kigawanyio kiweke kando. Tafuta waya mwingine, mfupi. Ule wenye kichwa kipana upande wa diski hulegea haraka sana, ukiutikisa kidogo tu diski inapotea. Halafu ingia Device Manager, fungua kila USB Root Hub, kwenye Power Management ondoa alama ya vema inayoiruhusu Windows kukizima kifaa ili kuokoa umeme. Nenda tena Power Options, kwenye setingi za USB zima ile selective suspend inayolaza vifaa vya USB kuokoa umeme, upande wa betri na upande wa chaji. Baadaye ukitaka kigawanyio, nunua chenye adapta yake ya ukutani.

Na Windows ikikuuliza kama uifomati, KATAA. Ikiendelea kulia tik hata kwenye kompyuta nyingine kwa waya mzima, hapo iache, usiichomeke tena, ipeleke kwa wanaookoa data.

Nyundo ya Jirani:

Kwa hiyo kigawanyio kanunua kwake, ugonjwa kaupata kwake, na dawa karudi kuitafuta kwake. Dada hukwenda kwa fundi, umekwenda kwa mganga.

Mwanambagala:

😂😂😂 Nyundo mwache bwana, ana harusi za watu.

Jiwe la Pwani:

Afadhali huyo anayetukana. Mimi fundi wa simu alinichekea, kaniletea soda, kanipa kiti, na kioo changu halisi kakifungua kakiweka kwa mteja mwingine. Nimefika nyumbani mwanga ni wa njano kama taa ya koroboi. Nimerudi, eti "macho yako yamechoka bosi".

Shangazi wa Tandika:

Nyie mnalalamikia waya? Hamjakutana na fundi cherehani. Kitenge nimepeleka siku 12 kabla ya kitchen party ya mdogo wangu. Kila nikipiga simu, "shangazi bado kupiga pasi tu". Siku yenyewe nimekwenda, nakuta kitambaa changu hata mkasi hakijaona, kimekunjwa vile vile nilivyokikunja mimi. Nilikaa kwenye kitchen party na dera.

Mwanambagala:

"Bado kupiga pasi tu" 😂 Huyo anaishi Tandika nzima au?

Jiwe la Pwani:

Wa kwangu husema "bado vifungo". Shati halina hata mikono, yeye bado vifungo.

Bi Kamera:

Wakuu naleta mrejesho. Nimefika nyumbani, nimefanya kama Waya Mwekundu alivyosema. Nimeichomeka ubavuni kwenye tundu la buluu, chaji ipo, waya nimeazima wa jirani. Imezunguka bila kulia hata mara moja. Asilimia 63 imepita nikiwa nimeshika pumzi. Sasa ipo 91, na harusi ya Mbagala imeshakuwa yote kwenye laptopu. Nimezima na ile ya kuokoa umeme. Waya Mwekundu Mungu akubariki, wewe ndiye fundi.

Lakini kesho asubuhi nakwenda ghorofani na laptopu yangu na diski yangu, naichomeka mbele ya benchi lile lile. Na kigawanyio chake namrudishia, anipe elfu kumi na tano yangu. Kwa kilo! Mbele ya mtu wa protekta!

Waya Mwekundu:

Safi sana. Kabla ya kwenda kugombana, nunua diski ya pili leo hii uhamishie nakala.

Shangazi wa Tandika:

Hongera mwanangu. Sasa jamani, harusi yenyewe ni Jumamosi na mie bado sina nguo. Anayemjua fundi wa gauni la kitenge atakayemaliza kabla ya Ijumaa aniambie.

Kiti cha Mbele:

Yupo mmoja Manzese, karibu na darajani. Tarehe anaitunza, ila mpelekee kitambaa cha ziada, anakula kipande.

Shangazi wa Tandika:

Kipande kikubwa kiasi gani?

Kiti cha Mbele:

Mke wangu alipeleka mita 6 akarudi na gauni la mikono mifupi. Wiki iliyofuata binti wa fundi alikuwa na sketi.