Barua ya dansi ya shule: nitie saini au nisitie?

Baba Binti, Columbus (mleta mada)

Wakuu, habari za usiku. Ndiyo kwanza natoka zamu, mnisamehe makosa ya kuandika.

Niko Ohio, Marekani, mwaka wa tisa huu. Binti yangu anamaliza sekondari mwezi wa tano, na kabla ya mahafali huku kuna ile dansi kubwa wanayoiita promu. Mlioko nyumbani msiifikirie kama disko la Jumamosi. Ni gauni refu, suti ya kukodi, ua la kufunga kiganjani, na mzazi kusimama nje na simu akipiga picha mpaka watoto wachoke. Mtoto huingia na mwenzake, na tangu mwezi wa pili wanaanza kuulizana nani ataenda na nani.

Shuleni kwao kuna tiketi ya mtu mmoja na tiketi ya wawili, na ya wawili ina nafuu. Fomu ya wawili ina mistari miwili: jina la mvulana, jina la msichana. Wiki iliyopita rafiki wa binti yangu, mtoto niliyemlisha ugali hapa kwangu tangu darasa la sita, alilikata neno "mvulana" kwa kalamu akaandika jina la msichana mwenzake. Karani akairudisha fomu. Mama yake akaenda shuleni. Jambo likafika kanisani kwetu, na Jumapili nikapewa barua: sisi wazazi tunaiomba shule isiuze tiketi ya wawili ila kwa mvulana na msichana, na shule ikikataa tutaandaa sherehe yetu wenyewe. Majina kumi na saba yameshaandikwa. Nafasi ya kumi na nane ni yangu.

Msimamo wangu wa dini mnaujua wengi humu, sijaubadilisha. Ila mkono umekuwa mzito. Siulizi kama jambo lenyewe ni halali au haramu, hilo tumelijadili humu hadi tukatukanana. Nauliza hivi: shule ya umma, inayoendeshwa kwa kodi yangu na kodi ya mama wa yule mtoto, ina haki ya kumzuia mlangoni? Na mimi nitie saini au nisitie?

Mwalimu Mstaafu, Nakuru

Mwanangu, nimefundisha shule ya bweni ya wavulana miaka thelathini na moja. Siku tuliyoalika shule ya wasichana, vijana walijipaka mafuta mpaka wakang'aa, na shati moja zuri lilivaliwa na watu watatu kwa zamu. Mimi nilikuwa na tochi. Wanaocheza wakikaribiana mno, nawamulika. Hakuna aliyelalamika kwamba haki yake imevunjwa. Shule ni malezi, na malezi yana mipaka. Ukimruhusu mwanafunzi aisahihishe fomu kwa kalamu yake, kesho ataisahihisha ripoti ya matokeo. Tia saini.

Dada wa Minneapolis

Shikamoo Mwalimu. Tochi yako ilimulika yeyote aliyekaribiana na mwenziwe. Hiyo ni kanuni ya mwenendo, na sidhani kama yupo humu anayeipinga. Barua ya kaka yetu haina habari na mwenendo wa mtu. Wale mabinti wanaweza kukaa mezani usiku kucha wakinywa soda, bado barua inawakataa.

Kilichonishtua ni hayo maneno "sherehe yetu wenyewe". Kaka, hayo yalishafanyika, na yaliishia pabaya. Mwaka 2010, mji mdogo wa Fulton, Mississippi, shule ya Itawamba Agricultural. Msichana wa miaka 18, Constance McMillen, aliomba kwenda kwenye dansi na mpenzi wake wa kike, naye mwenyewe avae suti. Shule ikasema mwenzi lazima awe wa jinsia nyingine. Wanasheria wa ACLU, shirika la kutetea haki za raia, wakaandika barua ya kuipinga kanuni hiyo. Unajua bodi ya shule ilifanya nini? Machi 10 ikaifuta dansi nzima, kwa kila mtu, ikisema masomo yanavurugwa. Hebu fikiria asubuhi ya kesho yake huyo mtoto anaingia darasani, kila aliyekwisha kununua gauni anamtazama yeye.

Kesi ikafika kwa Jaji Glen Davidson wa mahakama ya shirikisho. Machi 23 akasema haki ya msichana chini ya Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yale yanayolinda uhuru wa kujieleza, imekiukwa. Lakini hakuilazimisha shule kuirudisha dansi, kwa sababu wazazi walikuwa wanaandaa sherehe ya binafsi, na mahakama ikaambiwa wote watakaribishwa. Usiku wa Aprili 2 ulipofika, McMillen alielekezwa kwenye klabu moja mjini. Akakuta wanafunzi saba. Kwa maelezo yake, wawili kati yao ni wenye matatizo ya kujifunza. Wengine wote walikuwa mahali pengine, kwenye sherehe ambayo yeye hakuambiwa iko wapi.

Nimerudia kusoma habari hiyo mara nyingi na bado sijaelewa jambo moja: waliwezaje kuitunza siri hiyo, watoto wote hao na wazazi wao, bila hata mmoja kumpigia simu?

Mpenda Mada

Swali nje ya mada: hiyo tiketi ni dola ngapi? Maana naona mtoto wangu wa darasa la tisa ameanza kuniita "baba mpendwa".

Kijana wa Kisauni

Dada, habari ya Mississippi inasikitisha na hao wazazi walidanganya. Uongo ni uongo. Lakini usichanganye uongo na haki ya mzazi. Mzazi akikodi ukumbi kwa pesa yake akaalika anaowataka, kosa liko wapi? Hata jaji wako hakuwakataza. Mimi harusi yangu sitamwalika kila mtu wa mtaa.

Pili, mbona hapo kuna njia nyepesi? Mleta mada kasema ipo tiketi ya mtu mmoja. Wale mabinti wanunue kila mmoja yake, waingie, wacheze, warudi nyumbani. Hakuna aliyezuiwa mlangoni. Kinachodaiwa ni karatasi itamke kwamba wao ni wapenzi, na hapo mnamtaka mzazi mwenye imani yake naye atamke "amina".

Mwanafunzi wa Sheria

Ndugu wa Kisauni umejenga hoja vizuri, nataka kuibomoa taratibu.

Hilo la "kutamka" ndilo lililoamuliwa zamani. Rhode Island, 1980. Aaron Fricke, shule ya Cumberland, alitaka kwenda na mwanamume mwenzake. Mwalimu mkuu alikataa, na sababu aliyoitoa haikuwa dini. Alisema kutatokea fujo. Na hofu yake haikuwa ya kubuni, kwa sababu habari ilipoenea Fricke alipigwa na mwanafunzi mwenzake akashonwa nyuzi tano chini ya jicho. Hata hivyo Jaji Raymond Pettine alisema kwenda na mwenzi huyo ni namna ya kutoa kauli, na Katiba inailinda. Ukimzuia mwenye kauli kwa sababu wengine watazomea, umempa mzomeaji rungu la hakimu. Akaiamuru shule impe ulinzi. Mei 30 wakaenda, wakacheza.

Kwa hiyo "njia nyepesi" yako ni kumwambia mtu aingie ilimradi asiseme. Shule ya umma ikishafungua mlango kwa kauli ya wapenzi, kwa fomu yake yenyewe yenye mistari miwili, haichagui ni wapenzi gani.

Upande wako nao una nguvu, tena kubwa kuliko unavyodhani. Shule za dini za binafsi ni habari nyingine kabisa. Sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu haizibani shule zinazosimamiwa na taasisi za dini pale inapogongana na mafundisho yao. Mzazi anayetaka dansi yenye kanuni za dini yake, shule hizo zipo. Ya kwake huyu mleta mada ni ya umma.

Mama Toronto

Huku kwetu Kanada mpaka huo hauko wazi hivyo. Ontario, shule za Kikatoliki zinalipiwa na serikali, ni ahadi ya katiba tangu 1867. Mwaka 2002 kijana wa Oshawa, Marc Hall, akataka kwenda na mpenzi wake wa kiume. Bodi ya Kikatoliki ikasema hapana, ni kinyume cha mafundisho ya Kanisa. Jaji Robert MacKinnon alitoa amri ya muda Mei 10, siku ileile ya dansi. Kijana akaenda jioni hiyo.

Watu huishia hapo wakipiga makofi. Mimi ni Mkatoliki na nilisomesha watatu katika shule hizo, nitawaambia kilichofuata: kesi yenyewe haikumalizika. Mwaka 2005 Hall aliiacha. Lile swali kubwa, kwamba shule ya dini inayokula pesa ya umma ifuate imani yake au sheria ya wote, mahakama haikulijibu kwenye kesi hiyo. Nilikuwa upande wa bodi wakati ule. Sasa sijui tena, na sioni aibu kusema hivyo.

Dereva wa Lori, Memphis

Mimi si msomi. Lakini Mississippi naijua barabara kwa barabara, na hiyo "sherehe ya wazazi" ina historia ambayo sisi watu weusi hatupaswi kuisahau.

Uko mji unaitwa Charleston, upande wa kaskazini wa jimbo. Shule iliunganisha wanafunzi weusi na weupe mwaka 1970. Darasa moja, timu moja ya mpira. Dansi, mbili: ya weupe na ya weusi. Na hazikuwa za shule, zilikuwa za wazazi, kwa hiyo hakuna wa kumshitaki. Morgan Freeman, mwigizaji, ambaye ana makazi karibu na hapo, mwaka 1997 alisema atalipia yeye ili wacheze pamoja. Wakakataa. Wakaja kukubali 2008. Na hata mwaka huo wazazi kadhaa wa kizungu bado waliwaandalia watoto wao ya pembeni.

Kwa hiyo bwana wa Kisauni akiuliza kosa liko wapi kukodi ukumbi, mimi jibu langu ni: angalia ukumbi ulikodiwa lini na ili nani asiingie. Mleta mada, hizo karatasi zina umri mkubwa kuliko wewe.

Mwalimu Mstaafu, Nakuru

Usilinganishe rangi na tabia, ndugu dereva. Rangi mtu huzaliwa nayo, haichagui.

Dereva wa Lori, Memphis

Mwalimu wangu, sijalinganisha watoto. Nimelinganisha wazazi.

Nisiyetaja Jina

Nasoma humu kimya miaka mingi, hii mara ya kwanza naandika. Nimezaliwa Bukavu, nimekulia Marekani, Kiswahili changu mnivumilie.

Ile njia nyepesi ya tiketi ya mtu mmoja, mimi ndiyo niliyonunua. Mbili, moja yangu na moja ya mwenzangu. Tulipatana aingie yeye kwanza, mimi nifuate baada ya dakika kumi. Nilizihesabu nikiwa ndani ya gari la mama yangu, na yeye akadhani naogopa kwa sababu sina msichana. Akanirekebisha kola, akaniambia, "Mwanangu, utapata tu, wewe ni mzuri." Shati alilipiga pasi yeye.

Ndani nilisimama karibu na meza ya vinywaji. Mpiga picha alikuwa anaita wawili wawili. Sikuitwa, na sikwenda.

Ni kweli hakuna aliyenizuia mlangoni. Ndugu wa Kisauni sikulaumu, ulichosema ndicho nilichojiambia mimi mwenyewe.

Kijana wa Kisauni

Kaka, pole. Sijabadilisha imani yangu na sitakudanganya kwamba nimebadilisha. Ila neno "nyepesi" nalirudisha.

Mpenda Mada

Dakika kumi ndani ya gari na mama. Daah.

Baba Binti, Columbus (mleta mada)

Wakuu nimerudi. Asanteni, hata walionikaripia.

Jana nilimwonyesha binti yangu ile barua. Hakuisoma aya za juu, alikwenda moja kwa moja kwenye majina. Akawa anayasoma kwa sauti, moja moja: baba wa fulani, mama wa fulani, kocha. Alipofika nafasi tupu akauliza, "Hii ni ya nani?" Nikasema ni ya mtu ambaye hajaamua. Akacheka, lakini si kwa furaha.

Jioni nimeirudisha bila saini. Mzee wa kanisa akaniuliza kama nina kalamu, nikamwambia ninayo. Hakuongeza neno, na mimi sikumpa mahubiri. Tutakaa benchi moja Jumapili na watoto wetu wanaimba kwaya pamoja. Imani yangu iko palepale. Mwalimu, usinihesabu kuwa nimehama.

Shule haijatoa jibu, kikao cha wazazi ni Alhamisi saa kumi na mbili jioni, nimebadilishana zamu. Na ile sherehe nyingine haijafa. Nasikia ukumbi umeshalipiwa nusu, usiku uleule. Binti kaniuliza kama najua ulipo. Najua, walinitumia ramani kwenye simu kabla sijarudisha karatasi.

Mama wa yule mtoto sijampigia. Namba yake ninayo, nimeifungua mara mbili leo nikaifunga. Dada wa Minneapolis, swali lako la simu ambayo hakuna hata mmoja aliyeipiga limenikaa kooni tangu juzi.