Mwaka wa tatu wa uhandisi kemikali unawamaliza hawa watoto, nifanyeje?

MwalimuWaMvuke:
Habari zenu wadau. Nafundisha uhandisi kemikali hapa Nairobi, na wiki jana kijana wa mwaka wa tatu alisinzia maabarani akiwa amesimama, mkono uko kwenye vali ya mvuke, fundi ndiye alimuona akamvuta nyuma. Nilikuwa karibu kumfokea mbele ya wenzake, nikamwita kando nikamuuliza kulikoni, akaniambia "mwalimu sijalala tangu juzi". Kumbe wiki hiyo moja walikuwa na CAT tatu (mitihani midogo ya darasani), ripoti mbili za maabara na asaimenti yangu, ambayo niliiweka tu Ijumaa bila kuuliza mtu yeyote. Hilo limenikaa rohoni. Kiwango sitaki kushusha juu hawa ndio watakaosimamia maboila na matangi ya klorini kesho. Lakini nifundisheje, na niwashike mkono vipi, na mimi si daktari wa akili?

KomradiWaTano:
Shikamoo mwalimu, na asante kwa kuuliza, hatujazoea kuulizwa. Niko mwaka wa tano, wa mwisho. Sisi siku ya kwanza kabisa tuliambiwa hii kozi si ya kila mtu, wengi wenu mtahamia biashara, na tangu siku hiyo hakuna aliyeinua mkono darasani. Nilianguka zile hesabu za kinachoingia na kinachotoka nikajua mimi ndio mjinga peke yangu, nikaanza kukwepa hadi marafiki, ni mwaka mzima baadaye ndio nikagundua karibu nusu ya darasa tulifanya supu, yaani mtihani wa kurudia, pamoja na kila mtu alikuwa amejificha kwa chumba chake. Kitu ingine, si masomo pekee. HELB, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi, ikichelewa mtu anakunywa chai ya rangi asubuhi mpaka jioni, wengine wanalinda majengo usiku ndio walipe nyumba. Kabla umwambie apumzike, muulize kama amekula.

MamaMizani:
Mwenzangu, mimi pia nafundisha. Sisi tulibandika karatasi kubwa ya semista kwenye ukuta wa ofisi na kila mwalimu akaandika CAT na dedilaini zake, tukakuta wiki ya 7 ina vitu vitano na wiki ya 9 haina kitu. Tukasogeza viwili. Hakuna kiwango kilichoshuka hapo, ni vile tu tulikuwa hatuongei.

Halafu angalia kazi inayojirudia. Ile michoro ya ngazi ya McCabe na Thiele kwa mnara wa kukeneka, ule unaotenganisha vimiminika kwa kuvichemsha, imekuwepo tangu 1925, na ni nzuri sana kwa kuelewa, lakini mwanafunzi akichora moja kwa mkono vizuri ameshaelewa, sita za kukesha nazo ni za nini? Zingine afanye kwa kompyuta, halafu akueleze kwa mdomo kwa nini ngazi ziliongezeka.

Na hizo hesabu komradi anasema, mimi huanza na matatu ya abiria. Waliopanda toa walioshuka ndio wameongezeka ndani, basi. Kisha nawapa kilo 1000 za juisi ya miwa yenye sukari asilimia 15, tunaichemsha ifike asilimia 60, maji mangapi yametoka? Sukari haikimbii, ni kilo 150 mwanzo mpaka mwisho, kwa hivyo shira ni kilo 250 na mvuke kilo 750. Nawaacha wafanye wawili wawili, na nikikosea ubaoni nawaonyesha nimekosea wapi. Mikono huanza kuinuka, aki.

SikioLaKampasi:
Nafanya ushauri nasaha. Mwalimu, hauhitaji kuwa daktari. Keti naye mahali hakuna watu, sikiliza bila kumkatiza, na ukiona amekata tamaa muulize waziwazi kama amewaza kujiua. Kumuuliza hakumpandishii wazo, wengi hupumua tu ile mtu ameuliza. Akisema ndio usimwache peke yake, mpeleke mwenyewe hadi kwa mshauri, usimwelekeze kwa kidole. Laini ya Msalaba Mwekundu ni 1199, haina malipo. Na wengi walikuwa wananyamaza wakiogopa polisi, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kile kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinapingana na katiba. Waambieni wanafunzi, wengi hawajui.

MwalimuWaMvuke:
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Leo nimemtafuta kijana, tumekunywa chai na chapati, na kweli hakuwa amekula tangu jana. Anafanya kazi ya usiku, sikuwa najua. Ripoti nimemsogezea hadi Jumatatu, na kesho tunaenda kwa mshauri pamoja, amekubali mwenyewe. Maabarani nimeweka sheria mpya, ambaye hajalala aniambie asubuhi, siku hiyo haguzi vali, anaandika vipimo vya kundi lake na hakatwi alama. Karatasi ya ukutani naibandika Jumatatu. @MamaMizani mlianzaje kuwashawishi wale walimu wakubwa? Wangu kuna wawili najua watakataa.

MamaMizani:
Tuliwaonyesha hiyo wiki ya 7 kwa macho yao. Anza na yule anayewapenda wanafunzi zaidi, umuombe aandike wa kwanza.