ATAS imenikwamisha, MRes ya biokemia na forensiki

Kijana wa Wete:
Asalam alaikum nyote. Nimepata MRes (masta ya utafiti) ya biokemia huko Uingereza, mradi wenyewe wa DNA za mifupa, upande wa forensiki, sayansi ya kuchunguza jinai. Dipoziti nishalipa, leo ofisi ya wanafunzi wa nje inanambia CAS, ile namba ya chuo ya kuombea viza, hawatoi mpaka niwapelekee cheti cha ATAS, kibali cha serikali yao kwa wageni wanaosoma sayansi nyeti. Fomu inataka wadhamini wawili na mwalimu alonisimamia digirii kastaafu, yuko zake shamba, imeili hafungui. Jee naweza kumuweka bosi wangu wa maabara mahala pake? Masomo Septemba.

Baba Nunu, Milton Keynes:
Yakhe wamekukosea hao, ATAS ni ya watu wa nyuklia na makombora. Mie nimekuja na biokemia 2006 hakuna aloniuliza kitu.

Bi Shuu:
Baba Nunu 2006 ATAS ilikuwa haijazaliwa, imeanza 2007, usimpoteze mtoto wa watu. Mwanangu tazama namba ya CAH3, ile ya aina ya somo, kwenye barua yako, PhD na MRes za biokemia zimo, masta ya darasani ndo mara nyingi hawakuombi. Malipo hamna lakini kusubiri wenyewe wanasema siku 30 za kazi, na kiangazi huzidi kwa vile kila mtu anaomba. Yangu ilichelewa mpaka intake ikanipita, cheti cha TB cha viza nacho miezi 6 ikesha, nkapanda boti tena kwenda Dar kupimwa kifua kile kile, na pesa za viza zinazotakiwa zikae benki siku 28 baba alikuwa keshazirudisha kwa mwenyewe aliyemkopesha.

Baba Nunu:
Sawa profesa.

Mtu wa Mkoani:
Na hiyo forensiki ukimaliza kazi utafanya wapi? Hapa Uingereza FSS, maabara ya forensiki ya serikali, ilifungwa 2012, kazi zikenda kwa makampuni na polisi wenyewe. Binti wa dada yangu kamaliza forensiki, anapanga maboksi ghalani.

Kijana wa Wete:
Kaka mie nnakusudia kurudi nyumbani inshallah.

Mtu wa Mkoani:
Urudi uajiriwe na nani? Mkemia Mkuu tunaye wetu Zanzibar, Bara wana wao, ila polisi wanaokusanya hayo madamu na manywele ni wa Muungano. Sampuli ikiharibika njiani utamlaumu yupi?

Bi Shuu:
Haya, ishafika Muungano. Mtoto kauliza fomu.

Mtu wa Mkoani:
Kwani uongo?

Abuu, Leicester:
Mji wangu huu ndo yule mwanasayansi Alec Jeffreys alipogundua alama za DNA za kumtambua mtu 1984, na sisi tunachojadili ni polisi. Mie nna shida yangu, nani anatoka Unguja wiki hii? Mama ana samaki wa ng'onda anataka kunipelekea.

Baba Nunu:
Shemeji yangu anakuja Ijumaa. Mwambie mama afunge plastiki mara tatu, mwaka jana nguo zote zilinuka mpaka baibui la harusi, mke wangu hajanisamehe.