Bledi ya trekta inaruka na kuacha migongo: nibadilishe kisu au nichomelee?

BintiMteremko:

Wakuu, habari za kazi. Nina bledi ya nyuma ya kusawazishia barabara, upana mita 1.8, inafungwa kwenye mikono mitatu ya trekta ya nguvu za farasi 35. Ilikuwa ya marehemu baba. Sasa ni yangu, pamoja na barabara yenyewe: kama mita 600 za udongo na changarawe kutoka getini hadi ghalani, na katikati kuna mteremko ambao kila mvua ikinyesha unachimbika mifereji.

Tangu msimu uliopita bledi inaruka. Nikiishusha inakata vizuri hatua tatu nne, halafu inapanda, inashuka, inapanda tena. Nikigeuka nyuma naona migongo migongo kama bati. Upande wa kulia unachimba zaidi kuliko kushoto.

Jana niliinua nikachungulia. Kisu, lile bapa gumu linalofungwa kwa bolti ukingoni mwa bledi, kona ya kulia kimeisha kabisa, na chuma cha bledi chenyewe kimeshaanza kulika kwenda juu, sentimita mbili hivi. Vichwa vya bolti tatu vya upande huo vimesagika vikalingana na kisu, na nati zake kwa nyuma zimeganda kwa kutu. Kuna pia ufa, urefu wa kidole, pale nguzo ya kati inapochomelewa na fremu.

Fundi mmoja ameniambia tusihangaike na bolti, tuchomelee kipande cha springi ya gari ukingoni, basi. Moyo unasita. Na je, kuruka huku kunatokana na kisu au kuna jambo lingine? Sitaki kuharibu kitu ambacho baba alikitunza miaka yote hiyo.

FundiNyundo:

Pole kwa kufiwa, dada. Kwanza kabla ya lolote: uliposema uliinua ukachungulia, natumaini hukuingia chini huku imeshikwa na haidroliki peke yake. Mpira ukipasuka au mtu akigusa leva, inashuka papo hapo. Ishushe juu ya magogo imara, na usitumie matofali yenye matundu kwa sababu hupasuka bila kukuaga.

Sasa kuruka. Kisu kilichoisha kinachangia, ila mimi ningeanza kwenye pini. Bledi ikiwa imeinuka kidogo tu kutoka ardhini, injini imezimwa, shika mwisho wa bledi uitikise kwa nguvu mbele na nyuma. Sikiliza. Ikigonga "kwa, kwa", kuna tundu lililopanuka. Kwa trekta ya ukubwa wako, pini za mikono ya chini kwa kawaida ni milimita 22 na ya juu ni 19. Pima pini, kisha pima tundu kwa pande mbili, wima na mlalo. Tundu likiwa limekuwa yai, bledi inapata nafasi ya kurudi nyuma kidogo, inajikunja chini, inachimba, halafu inaachia. Hiyo ndiyo migongo yako. Kaza pia minyororo ya kuzuia mikono kuyumba.

Jambo la pili watu wengi hulisahau. Trekta yako ina leva mbili za haidroliki? Moja inashikilia kimo, nyingine inafuata uzito wa mzigo. Hiyo ya mzigo ni ya plau: udongo ukivuta sana, mikono inajiinua yenyewe, ukilegea inashuka. Kwenye kusawazisha ni balaa tupu, maana bledi itapanda na kushuka bila wewe kugusa kitu. Hakikisha unatumia ya kimo.

Springi ya gari usikubali. Ina kaboni nyingi, ikichomelewa ikiwa baridi sehemu ya jirani na weld (mshono wa kuchomelea) inakuwa kavu, rahisi kuvunjika, na kukatika kwenye jiwe la kwanza. Na hata ikishika, ikilika utafanyaje? Utaikata tena. Visu vingi vya bolti vina makali pande zote mbili. Upande mmoja ukilika unakigeuza, unapata maisha ya pili. Chako kilipaswa kugeuzwa kabla ulaji haujafika kwenye bledi.

Kutoa bolti zilizosagika: usipoteze siku na spana. Bolti hizi zina shingo ya mraba chini ya kichwa ili zisizunguke. Kichwa kikiisha, hiyo shingo ndiyo pekee inayoshika, na mara nyingi imelegea, kwa hiyo nati na bolti vinazunguka pamoja. Pasua nati kwa grenda kwa nyuma, mstari mmoja wima hadi ukaribie uzi wa bolti, kisha patasi na nyundo. Nati itafunguka kama kokwa. Baada ya hapo gonga bolti kutoka nyuma itokee mbele. Zile ambazo bado zina vichwa, zipake mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha kwanza.

Kisu kikishatoka, sugua uso wa bledi kwa brashi ya waya hadi uone chuma. Kutu na udongo mkavu uliobaki katikati hukifanya kisu kikae kwa kuchezacheza, na bolti mpya zitalegea wiki ileile.

Mchomeleaji_77:

Naunga mkono, na nagusia ufa tu. Usiruhusu mtu apitishe weld juu yake. Tafuta mwisho wa ufa, toboa tundu la milimita 4 hapo ili usiendelee, kisha uuchimbe wote kwa grenda kwa umbo la V mpaka usiuone tena. Pasha moto eneo zima, chomelea kwa elektrodi (fimbo za kuchomelea) aina ya E7018 zilizo kavu. Zikikaa wazi zikavuta unyevu, weld itakuja kupasuka ndani kwa ndani.

Ule ukingo uliolika ukate unyooke, uungie ukanda wa bati nene la unene uleule, halafu tumia kisu kipya chenyewe kama kielelezo cha kuweka alama za matundu. Na bledi itolewe kwenye trekta kwanza, umeme wa kuchomelea usipite kwenye beringi na vifaa vya trekta.

MzeeWaGreda:

Binti yangu, mafundi wamesema vizuri. Mimi naongeza la barabara. Ukishatengeneza, migongo iliyopo haitaondoka kwa kupapasa juu. Magurudumu ya nyuma yakipanda mgongo wa zamani, bledi nayo inapanda. Kata hadi chini ya mashimo ya migongo, bledi ikiwa imegeuzwa kwa pembe, mwendo wa mtu anayetembea, udongo ukiwa na unyevu baada ya mvua. Kavu utafukuza vumbi tu. Kisha rudisha udongo katikati ili maji yatoke pembeni, kama sentimita 4 za mwinamo kwa kila mita.

BintiMteremko:

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Narudi baada ya wiki tatu.

Tundu la mkono wa chini kulia lilikuwa milimita 27 kwa urefu na 23 kwa upana. Yai kweli. Tumekereza bushi, kijibomba cha chuma cha kuvika tundu, ikachomelewa, pini imeingia kwa kugongwa kidogo. Leva ya mzigo ilikuwa imesukumwa nusu. Sijui tangu lini. Nati tatu tulizipasua kama alivyosema fundi, ya tatu ilitoka na kipande cha uzi. Kisu kipya kimekaa, na baada ya saa mbili za kazi nimekaza bolti tena. Nne zilikuwa zimelegea robo mzunguko.

Sehemu tambarare sasa imelala vizuri. Mteremkoni bado inachimba mno mwanzoni.

Nina swali moja. Nilipofuta grisi kwenye uzi wa mkono wa juu nilikuta alama mbili za rangi, nyeupe na nyekundu, zimeachana upana wa vidole vitatu. Ni mkono wa baba, alikuwa anaweka alama kila kitu. Zilikuwa za nini?

FundiNyundo:

Hizo ni hazina, dada, usizifute. Mkono wa juu ukifupishwa, bledi inainamia mbele. Ukirefushwa, inaegemea nyuma. Mwinamo huo ndio unaoamua kama inachimba au inalainisha. Mzee alikuwa ameshapata vipimo viwili kwa barabara yenu. Wewe unatumia alama ipi?

BintiMteremko:

Nyekundu. Na nilikuwa natumia hiyohiyo kote, tambarare na mteremkoni. Nimeuhamishia kwenye nyeupe leo asubuhi, nikapita mteremko mara mbili, na haikuruka hata mara moja.