Mrejesho: ile Mauser ya 1871 nimeshaipiga

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama bunduki yangu ya Kijerumani, Mauser modeli ya 1871, bado inafaa kupigwa au ibaki pambo la ukutani. Niko Marekani, ambako kwa sheria ya shirikisho bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla yake huhesabiwa ya kale.

Mlioniambia nianze kwa fundi, asanteni sana. Nilikuwa nimeshanunua baruti ya kisasa! Fundi alinikemea kama mtoto: chuma kile kiliundwa kwa baruti nyeusi, hii nyingine ingeweza kuupasua mtutu usoni mwangu. Akaukagua, akakuta kutu kidogo tu, akabadilisha springi ya komeo.

Jumamosi nikapiga risasi kumi, moja moja, maana haina magazini. Inasukuma bega, haipigi kofi kama nilivyoogopa. Lakini moshi! Kila risasi nasubiri upepo ndipo nione shabaha. Hapo nikawaelewa askari wa Wajerumani pale Tanga, Novemba 1914. Wengi wao walikuwa bado na bunduki za aina hii, na wakifyatua tu, moshi unawaumbua walipojificha.

Kazi ni kusafisha. Maji ya moto siku hiyohiyo, kukausha, kisha mafuta, kwa sababu masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na kutu haichelewi. Mama watoto kalalamika jikoni kunanuka mayai viza, kwa hiyo sasa nasafishia gereji.